Mama wa Namba Kumi na Saba

Usiku wa kuamkia fainali za riadha za mkoa, Mwalimu Restituta aliota kwamba kipaza sauti chake kimevaa sweta na kinaomba chai.

Hakushangaa. Huku Mbulu asubuhi za Julai zina baridi isiyo na heshima, na kama mtu mzima hawezi kufungua mdomo kabla ya chai, sioni kwa nini kipaza sauti kionewe. Restituta aliketi kwenye meza ya mtangazaji, chini ya turubai, akakimiminia kikombe cha chai ya maziwa, akasubiri.

"Shikamoo, Mwalimu," kikasema kipaza sauti baada ya funda la kwanza.

"Marahaba. Uko tayari?"

"Niko tayari, ila leo nina sharti. Utakachosema ndicho kitakachokuwa. Kwa hiyo sema polepole."

"Mimi siku zote husema polepole," akajibu Restituta. Si kweli hata kidogo. Mama huyu akitangaza mbio za mita mia nne huwezi kujua kama anasema Kiswahili au anakaanga karanga.

Akakipuliza kipaza sauti kama kawaida yake, akasema, "Moja, mbili."

Akaja kuku mmoja. Wakafuata kuku wawili. Wakasimama mbele ya meza wakisubiri maelekezo.

"Moja, mbili, tatu," akasema tena, maana mazoea yana tabu, na kuku wakaongezeka vilevile alivyohesabu. Hapo akaacha kujaribu mitambo. Kuku wakaelekezwa jukwaa la wageni rasmi, wakakaa kwa utulivu kuliko wageni rasmi wa mwaka jana.

Wakati kuku wanatafuta viti, nimtambulishe mwenye ndoto, kwa sababu ndoto haina adabu ya kumtambulisha mtu. Restituta anafundisha jiografia, na ndiye mtangazaji wa mashindano yote ya riadha wilayani tangu Mzee Margwe alipovuliwa kazi hiyo. Mzee Margwe alimsifia mpwa wake kwenye kipaza sauti mbio nzima, mpaka wazazi wa watoto wengine wakapanda jukwaani kumshusha, naye akaendelea kusifia huku anashushwa. Tangu siku hiyo pakawa na desturi: mtangazaji hataji jina la ndugu yake uwanjani. Akilazimika, amtaje kwa namba yake ya kifuani, basi.

Kwa mtu asiye na mkimbiaji nyumbani, desturi hiyo ni nyepesi. Restituta anaye. Binti yake, Paskalina, anakimbia mita elfu tano, na tangu akiwa darasa la nne mama yake amemtangaza kwa namba. Mwaka huu ni kumi na saba. Watu wanamsifu mama kwa haki yake, wanasema mwanamke huyu angefaa kuwa hakimu. Kichekesho ni kwamba mtaani hakuna anayemwita Restituta. Kuanzia sokoni hadi kanisani yeye ni Mama Paskalina. Analibeba jina la binti yake kutwa nzima, akifika uwanjani analiacha getini.

Paskalina hajawahi kulalamika. Ila jioni ya jana, akisugua viatu vyake vya kukimbilia, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo.

"Mama, kesho utaniita?"

"Nitakuita. Kwa namba yako."

"Haya."

Akaendelea kusugua kiatu ambacho kilikuwa kimeshatakata. Restituta alilala na hiyo "haya" imemkaa kifuani. Mimi nasema wazi, hakuna neno la mtoto linalouma kama "haya".

Turudi kwenye ndoto. Kuku wametulia. Restituta anatangaza: "Mita mia moja, mwito wa kwanza. Mita mia moja wafike mahali pa kukusanyika."

Wanafika. Si wakimbiaji, ni mita wenyewe, mmoja mmoja, wamevaa kaptula, kila mmoja ana urefu wa mita moja kamili. Wanalala kwenye nyasi, kichwa cha huyu kikigusa miguu ya yule, mpaka njia inapatikana. Restituta anawakagua. Mita wa sitini na tatu hayupo.

"Mita wa sitini na tatu, mwito wa pili."

Mita wengine wakatazamana.

"Mwito wa tatu na wa mwisho."

Mita wa sitini na nne ananyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Mwenzetu ana mafua."

"Ana cheti cha daktari?"

"Hana. Ana mafua tu."

Sheria ni sheria. Asiyefika kwenye mwito wa tatu anafutwa. Mita wa sitini na tatu akafutwa, njia ikabaki na shimo mahali pake, na wakimbiaji wakaliruka bila kulalamika. Mmoja wao akavunja rekodi ya mkoa.

"Rekodi hiyo haihesabiwi," ikasema sauti nyuma ya Restituta.

"Kwa sababu ya shimo?"

"Kwa sababu yangu."

Ni Upepo. Restituta akamtambua mara moja: mama wa makamo, mnene, amejifunga kitenge na kubeba kapu. Kila kitu kilichokuwa karibu naye kilipepea, isipokuwa nywele zake.

"Karibu, dada. Una shida gani?"

"Kila mwaka unanitangaza vibaya," akasema Upepo. "'Upepo umesaidia kupita kiasi, rekodi haihesabiwi.' Napita sokoni watu wananitazama. Tangu lini mtu akashtakiwa kwa kusaidia?"

"Ni sheria, dada yangu. Hata msaada una kipimo."

"Sawa, mimi nazidisha. Nimekubali. Lakini kuna mtu hapa anapunguza, na hakuna anayempima."

Akachukua chai ya kipaza sauti, akaipooza kwa pumzi moja, akairudisha mezani, akaondoka na kapu lake. Restituta akajifanya hakuelewa. Watu wenye kipaji cha kujifanya hawakiachi hata usingizini.

Alipogeuka kutazama uwanja, uwanja ulikuwa umehamia darasani kwake. Njia zilipita kati ya madawati, zikapinda chini ya ramani ya Afrika, zikarudi kupitia dirishani. Watazamaji walikaa watatu watatu kwenye madawati, wanakula mahindi ya kuchoma. Mbele ya ubao walijipanga wasichana wa mita elfu tano, na miongoni mwao Paskalina, mrembo, mrefu, namba yake kifuani, anatikisa mikono kama anavyoitikisa kila anapoogopa. Restituta alimwona akajisikia kumpenda mpaka akaona aibu, akajifanya anapanga karatasi.

Mwanzishaji wa mbio, Mwalimu Sulle wa hisabati, akainua bastola. "Kwenye mistari yenu."

Kanuni ya riadha ni kwamba amri hiyo ikitoka, mtangazaji ananyamaza na uwanja wote unanyamaza. Kila kitu kikatii. Kuku wakafunga midomo. Mahindi yakaacha kutafunika. Mto unaopita nyuma ya shule ukasimama, ukashika pumzi. Bastola ikakohoa, ikaomba radhi, kisha ikalia, na wasichana wakaondoka.

"Na anayeongoza ni Emiliana Qamara," akasema Restituta. Emiliana, aliyekuwa wa tano, akajikuta wa kwanza, akatazama nyuma kwa aibu. Kila jina lililotajwa, ardhi iliinama kidogo chini ya miguu ya mwenye jina, naye akateremka kwa raha. Restituta akaona kazi ni nzuri leo. Akawataja wote, mmoja baada ya mwingine, kwa haki kabisa.

"Na huyu hapa, namba kumi na saba! Namba kumi na saba anapanda, namba kumi na saba anawapita wote!"

Pini zikafunguka. Ile karatasi ya namba ikabanduka kifuani kwa Paskalina, ikaota miguu miwili myembamba, ikatimua mbio. Ilikimbia vizuri, lazima niseme, mgongo umenyooka. Ikampita Emiliana chini ya ramani ya Afrika, ikamaliza ya kwanza, ikapunga mkono ambao haikuwa nao.

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Kule nyuma, Paskalina alibaki na fulana tupu, anaendelea kukimbia.

Namba ikaja mpaka kwenye meza, inahema, inanuka jasho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Restituta kabla hajafikiri, na ukishaitikia shikamoo ya mtu umeshampokea.

Watu wakamzunguka. "Hongera, Mama Namba Kumi na Saba." "Hongera sana, Mama Namba Kumi na Saba, umelea." Jirani yake, Mama Tluway, akamshika mikono yote miwili. "Ukuta kwa ukuta miaka yote hii, jirani, hata siku moja hukuniambia una karatasi."

"Nyumbani nitalala wapi?" ikauliza Namba.

"Kuna chumba cha..." Restituta akatafuta jina. Alikuwa nalo, lilikuwa palepale kwenye ulimi, ila halikutoka. Desturi ya uwanja ilikuwa imekaa mlangoni mwa mdomo wake, imekunja mikono.

Akamwendea msimamizi wa kumalizia. "Kuna mwingine bado anakimbia."

Msimamizi akakaza macho. "Wapi? Sioni namba."

"Si namba. Ni mtu."

"Mwalimu, sisi hatuhesabu watu. Tunahesabu namba. Wewe ndiye uliyetuzoesha."

Paskalina alikuwa anakuja, amechoka, amekaza uso. Alipokaribia kumaliza, mstari wa chokaa ukainuka, ukajikunja kama mkeka, ukasogea mbele, ukajitandika tena mbali.

"Kwa nini unamfanyia hivyo mtoto?" Restituta akauliza.

"Napokea walioitwa," ukajibu mstari kwa upole. "Huyu hajaitwa. Kazi hii unaijua kuliko mimi."

Paskalina akaanza mzunguko mwingine. Sasa uwanja umehama tena. Unapita kwenye shamba lao la mahindi, unaingia jikoni kwao kwa mlango wa nyuma, unatokea kanisani katikati ya viti. Restituta anakimbia pembeni na kipaza sauti mkononi, na ndipo anapoona kitu cha kumkata maini. Kila mzunguko, mtoto anapungua. Alipotoka shambani kaptula ilikuwa imeshamlegea. Alipotoka jikoni alikuwa na sare ya shule ya msingi na lile pengo la jino la mbele. Anarudi nyuma, mzunguko kwa mzunguko, kwenda siku aliyozaliwa, na siku hiyo, asubuhi yake, alikuwa bado hana jina. Akifika huko hatakuwa na cha kuitwa. Hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu. Restituta aliogopa, hofu ile ya kweli ambayo ndoto hazitanii nayo.

"Sema," kikamwambia kipaza sauti. "Mimi nipo."

"Watu watasema napendelea."

"Si hao hapo? Waulize."

Restituta akajisafisha koo. Hata katika hali hiyo, kazi ni kazi. "Ndugu watazamaji, tangazo fupi. Nikimwita mwanangu kwa jina, mtasema napendelea?"

Mahindi yakatulia mikononi. Akasimama baba yake Emiliana, Mzee Qamara, akavua kofia.

"Mwalimu, na wewe unatushangaza. Mimi tangu asubuhi namwita Emiliana mpaka koo limekauka. Huyu Mama Tluway amemwita mwanawe ambaye hata hakimbii, yuko nje anauza maji."

"Kweli," akasema Mama Tluway. "Niliona tu nimwite."

"Kila mtoto hapa ana mtu wa kumwita," akaendelea Mzee Qamara. "Wako peke yake ndiye anakimbia miaka yote bila sauti ya mama yake. Hiyo haki umeipimia mizani gani?"

"Lakini desturi."

"Desturi tuliiweka kwa ajili ya Margwe, na Margwe hajifunzi. Wewe tulikuwa tunakuonea huruma, tukaona tukikuambia utajisikia vibaya."

Restituta akalia. Alilia hapohapo mbele ya kuku na wageni, bila kuficha uso. Miaka yote hiyo alidhani anawapa watu wengine haki yao, kumbe alikuwa anachukua ya mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe ni wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Ndiyo, lakini wakati mwingine mzazi huchelewa kuujua.

Akainua kipaza sauti. Kipaza sauti kikatikisa kichwa.

"Hili si langu, Mwalimu. Mimi kazi yangu kukuza sauti, na hii haitaki kukuzwa." Kikavuta sweta mpaka masikioni, kikalala.

Basi akapanda juu ya meza na koo lake mwenyewe. Kule kona ya mwisho Paskalina alikuwa ameshakuwa kitoto cha kuanza kutembea, soksi moja, anayumba, anaangukia makalio, anainuka.

Mwito wa kwanza ulitoka mdogo na wa aibu, sauti ya mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua. "Paskalina."

Kitoto kikasimama. Kikatazama huku na huku, kikakaa chini, kikaanza kuchezea chokaa.

Wa pili ulitoka kwa sauti ya mtangazaji, safi, yenye ukoo wake. "Paskalina Gwandu."

Kitoto kikainua uso. Lakini hakikuinuka, na jua la ndoto likaanza kuzama upande wa siku ile ya kuzaliwa. Mwito wa tatu ndio wa mwisho, na hakuna anayeijua sheria hiyo kuliko yeye.

Restituta akaacha kutangaza. Akaita tu, kama anavyoita nyumbani chakula kikiwa tayari, kwa nguvu zote za kifua, mpaka akahisi kitu kinapasuka kooni. "Paskalina, mwanangu. Njoo."

Mtoto akainuka na kukimbia. Hatua za kwanza zilikuwa za kitoto, kisha za msichana mwenye pengo, kisha miguu ikarefuka, na ardhi yote kuanzia ile kona ikainama kuelekea kwa mama yake. Mstari wa chokaa ukalala palepale ulipo na haukuthubutu kusogea. Namba Kumi na Saba ikatoka mbio kumpokea, ikajibandika kifuani kwake, ikasema, "Nilikuwa nakushikia nafasi tu, dada." Kuku wote wakasimama.

Paskalina akavuka mstari. Akaja moja kwa moja mezani, anahema, akamtazama mama yake, akafungua mdomo kuitika.

Restituta akaamka.

Kulikuwa kumekucha, ukungu umejaa dirishani. Baba Paskalina alikuwa ameshatoka kukamua. Restituta akakaa kitandani, akataka kusema angalau "Mungu wangu", ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Hakuna. Koo lilikuwa linawaka, na sauti imekwenda yote, hata ya kunong'ona haikubaki. Siku ya fainali za mkoa, mtangazaji ameamka bubu.

Akajifunga shuka, akaenda jikoni. Paskalina alikuwa amesimama amempa mgongo, anakoroga uji, mabega yanapanda na kushuka. Restituta akasimama mlangoni. Akalitamka jina kwa midomo tu, kwa sababu midomo ndiyo aliyokuwa nayo, na hata mvuke wa uji haukutikisika.

"Abee, mama," akaitika Paskalina bila kugeuka.

Akapunguza moto chini ya sufuria. "Nilikusikia tangu kwenye ile kona," akasema. "Pumzi ya kuitika ndiyo sikuwa nayo."